Kuamka na Kuamshwa

Muleba nzima wanamwita Mama Usingizi, na yeye hajawahi kulipenda jina hilo. Sokoni, kanisani, hata msibani, hakosekani mtu mmoja mwenye mdomo wake wa kusema, "Mama Usingizi, njoo basi umchome huyu mume wangu sindano, anakoroma mpaka kuku wanataka kuhama banda." Watu wanavunjika mbavu. Agnetha, maana hilo ndilo jina lake, naye anacheka kidogo, kwa adabu, halafu anatoa jibu lake la siku zote: "Kulaza si kazi, mama. Hata pombe ya lubisi inalaza. Kazi ni kuamsha."

Wanadhani ni utani wa mstaafu. Lakini hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu alipotoka Rubafu akiwa binti mwembamba mpaka mvi zilipomjaa kichwani. Alikuwa muuguzi wa usingizi, yule anayekaa kichwani kwa mgonjwa na kuzichunga pumzi zake wakati daktari anapasua. Na ni kazi isiyo na shukrani, jamani, tusidanganyane. Daktari mpasuaji ataletewa jogoo, ataletewa mkungu wa ndizi, mtoto atapewa jina lake. Wa usingizi nani atamkumbuka? Mgonjwa alikuwa amelala!

Aliyemfundisha kazi hiyo alikuwa Bi Nasma, Mwislamu wa pale pale Bukoba mjini. Babu yake Bi Nasma alikuja na biashara kutoka pwani, akaoa Mhaya, akasahau njia ya kurudi. Mjukuu alikuwa mfupi, mkali, ananukia karafuu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka wanafunzi wanaona haya kufungua mdomo. Sisi huku Kiswahili tunakikuta shuleni. Nyumbani ni Kihaya, kwenye kahawa ni Kihaya, hata matusi tunayatukana kwa Kihaya ndiyo yanatoka vizuri. Sasa mtoto wa Rubafu alisimama mbele ya mwanamke yule siku moja, bado mgeni kazini, akatamka bila kufikiri kwamba mgonjwa ameamka. Weee! Alikiona cha moto.

"Ameamka?" Bi Nasma aliuliza.

"Ndiyo, Bi Nasma. Amefungua macho, amesema jina lake, ameomba maji."

"Nani kamwamsha?"

Agnetha alitazama sakafu. "Ile sindano."

"Basi huyu hajaamka, mwanangu. Huyu ameamshwa. Shuleni kwenu mlisoma Kiswahili au mlikuwa mnavuna kahawa ya mwalimu? Mtu akiamka, usingizi umemwisha. Akiamshwa, usingizi bado umo ndani yake, umesukumwa pembeni tu. Sindano ikichoka kuusukuma, usingizi unarudi kukaa palepale. Na wewe muda huo uko wapi? Uko kantini unakunywa chai na maandazi!"

Sindano yenyewe inaitwa flumazenili. Ni kichupa kidogo cha kioo, na zamani kilikuwa kikipatikana kwa nadra, kinafungiwa kabatini na ufunguo anao mmoja. Haiamshi kila aliyelala. Inaamsha aliyelazwa na valiamu na ndugu zake, akina midazolamu, dawa zile anazopewa mtu ili atulie kwenye kipimo au anapovutwa bega lililochomoka. Zikimzidia, pumzi zinakuwa za kuhesabika na midomo inabadilika rangi. Hapo anachomwa flumazenili mshipani, kidogo kidogo, na haupiti muda mrefu anafumbua macho na kuuliza viatu vyake viko wapi. Watu wanapiga makofi, wanamsifu Mungu. Wasichojua ni kwamba dawa ya kuamsha inaisha mwilini mapema, na ile ya kulaza inakuwa bado ipo.

Agnetha alilijua hilo kwa kichwa, akaja kulijua kwa macho upande wa Muleba, kwa mtu mmoja anaitwa Kahigi. Kahigi aliangukia bega akikata matawi ya mparachichi. Akalazwa, akavutwa bega, akalala kupita kiasi, akaamshwa. Shemeji yake akaja na bodaboda, akamwona yuko macho, anacheka, anasalimia wodi nzima, akaona hospitali inampotezea muda. Wakatoroka. Njiani Kahigi akaanza kulala. Shemeji hakushtuka, akamfunga kwa kitenge mgongoni mwake wakaendelea. Waliokutana nao wakawa wanapiga vigelegele wakidhani jamaa katoka kwenye lubisi! Bahati yao walipita mbele ya zahanati na mganga alikuwa amesimama nje. Kahigi alipona, na mpaka leo akikutana na Agnetha barabarani anavua kofia. Tangu siku hiyo Agnetha hakumwachia mtu aliyeamshwa mpaka ahakikishe ameamka. Hata ndugu wakimtukana, hata mgonjwa akilia, yeye alivuta stuli akakaa.

Hayo ndiyo ya kazini. Ya nyumbani yanamhusu Gozbert.

Gozbert alikuwa karani wa chama cha msingi cha ushirika, mtu wa kupima kahawa, na alikuwa na ulimi, Mungu wangu! Walikutana Bukoba, Agnetha akiwa mwanafunzi wa uuguzi, yeye akija juu ya lori la magunia mpaka kiwandani. Angeweza kukusimulia safari ya lori kutoka Muleba mpaka mjini, safari ambayo hakikutokea kitu, ukacheka mpaka ukashika tumbo. Hata Bi Nasma, ambaye hakumcheka mtu ovyo, alimpenda. "Olewa na huyo," alimwambia Agnetha. "Uzuri utawaishia nyote wawili, mtabaki na mazungumzo."

Wakaoana, wakapanga chumba Kibeta, pale pale Bukoba. Ukitaka kumwona Agnetha macho yakimlegea hata leo, mtajie Kibeta. Bukoba ya wakati ule ilikuwa na harufu yake. Upepo ukitoka upande wa kiwanda unaleta kahawa, ukitoka ziwani unaleta samaki wa kukaushwa, na asubuhi meli ikipiga honi watu wanakimbilia bandarini hata wasiokuwa na mgeni wa kupokea. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa wodini. Jumamosi walikaa mlangoni na Gozbert wanatafuna kahawa kavu, yeye anasema, Agnetha anacheka, jirani naye anasikiliza kupitia ukutani na kuuliza, "Halafu ikawaje?" Hawakuwa na kitu. Lakini ukimwuliza Agnetha lini alikuwa tajiri, atakutajia miaka hiyo.

Baba yake Gozbert alipofariki wakahamia Muleba kukirithi kibanja, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Agnetha akapata kazi hospitali ya huko huko. Binti yao Celina akazaliwa, akasoma, akaenda Mwanza kuolewa na kufanya kazi. Jioni Gozbert alikaa chini ya migomba ya baba yake na kuanza, "Sikilizeni," na vijana wa mtaa mzima wanasogea.

Ndipo mnyauko ukaingia.

Asiyetoka kwetu ataona ni ugonjwa tu wa ndizi. Aka! Mgomba wa kwetu si zao, ni ukoo. Kuna mashina pale alipanda babu, mengine yalimlea baba mtu, wengine kitovu chao kimezikwa kwenye shina lile. Majani yakaanza kuwa ya njano, ndizi zikaiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na mabwana shamba wakaja na neno moja tu: kateni, chomeni, msiache. Gozbert alikataa msaada wa vibarua. Alikata mwenyewe. Alikata mpaka jua lilipozama, kesho yake akarudi, kesho yake tena, na alipomaliza alinawa mikono akaingia ndani, na mazungumzo yakaishia hapo.

Hakuwa mkali. Heri angekuwa mkali! Alikuwa mpole, anajibu ndiyo, anajibu hapana, anajibu nimeshiba. Walipanda migomba mingine ya kisasa, ikaota vizuri tu, hakuitazama. Agnetha alirudi kutoka kazini akapika, akatandika mkeka, akasimulia habari za wodini mwenyewe, akazicheka mwenyewe. Miaka ikapita hivyo. Alipostaafu ndipo alipojua jinsi nyumba inavyoweza kuwa kimya na watu wawili ndani yake. Alimwambia Celina kwenye simu, "Baba yako yupo, lakini nimemkumbuka sana." Celina akadhani mama anazeeka.

Mwaka huu tumbo la Gozbert likaanza. Kiungulia, kukonda, chakula kinamrudi. Mdogo wake, Karugendo, mwenye gari aina ya Noah na haraka ya kudumu, akawachukua asubuhi mapema kwenda Bukoba kwenye hospitali yenye kile kipimo cha mpira wa kamera unaoingizwa mdomoni mpaka tumboni. Njia nzima Gozbert alitazama dirishani. Walipopita kwenye njia panda ya kwenda Kibeta, Agnetha alimgusa goti. "Baba Celina, unaona? Kibeta hiyo." Akajibu, "Ndiyo."

Daktari alikuwa kijana mmoja anaitwa Faruku, mpole, mwenye kueleza mambo bila kumkatisha mtu. Alipojua Agnetha alikuwa muuguzi wa usingizi, akamruhusu asimame ukutani mule chumbani. Akampa mzee midazolamu, kiasi kidogo kabisa kwa umri wake na wembamba wake. Kipimo kikaenda vizuri. Tumboni kulikuwa na vidonda vya kutibika, si kile ambacho Agnetha alikuwa akikiogopa na hakukitaja hata kwenye maombi. Akashusha pumzi. Alipoangalia za mumewe, akaona zinachelewa.

Faruku naye alikuwa ameshaona. Akamnyanyua taya, akaongeza oksijeni, akaita jina, "Mzee Gozbert! Mzee, vuta pumzi!" Gozbert kimya. Kibanio cha kidoleni, kile cha kupima oksijeni, kikaanza kulia. Kuna wazee wa namna hiyo, unawapa tone wanazama kama waliokunywa bilauri. Si kosa la mtu.

"Mama," Faruku aliuliza huku mkono ukifungua sanduku la dharura, "ana kifafa? Kuna vidonge vya usingizi anavyotumia kila siku nyumbani? Niambie kweli, nikimpa hii na anavyo anaweza kupata degedege."

"Hana, daktari. Hatumii. Huyu hata panadoli anaikimbia."

Flumazenili ikaingia mshipani. Kidogo, wakasubiri. Kidogo tena. Agnetha alikuwa amekamata ukingo wa kitanda, na yale yote aliyowaambia ndugu wa wagonjwa maisha yake yote, tulieni, muombeni Mungu, tuachieni sisi, aliyaona hayana maana yoyote. Kisha kope zikacheza. Gozbert akafumbua macho, akatafuta chumba kizima mpaka akamwona.

"Kokushubila," akasema.

Agnetha aligeuka nyuma kuangalia nani kaitwa. Hilo ni jina lake la nyumbani, la Kihaya, na huyu mwanamume hakuwahi kumwita hivyo tangu Celina azaliwe. Tangu hapo ni Mama Celina, Mama Celina.

Walimhamishia chumba cha mapumziko. Faruku akasema asiondoke mpaka jioni, na ikibidi alale. Akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Akiwa mlangoni akamtazama Agnetha. "Nesi yuko hapo ng'ambo, ukimwita anakuja. Lakini wewe ni mwenzetu, mama. Sina haja ya kukueleza."

"Nenda, mwanangu. Mimi nipo."

Na hakika alivuta stuli akakaa. Tatizo ni kwamba Gozbert alianza kusema.

Alianza na ile nyumba ya Kibeta. "Kokushubila, unakumbuka bati lilivyokuwa linavuja juu ya kitanda? Tukakisogeza, kikavuja huko pia, tukakisogeza tena mpaka kikafika mlangoni. Mgeni akisukuma mlango anatusukuma na sisi!" Agnetha akacheka kwa sauti, akaziba mdomo kwa khanga maana ni hospitali. Akaendelea na lori la magunia, na Bi Nasma alivyomwuliza kama ana nia au anapita tu. Sauti ilikuwa ile ile, na ule mkono wa kuchora hewani ulikuwa ule ule. Agnetha alikuwa anamtazama mtu ambaye yeye alikuwa amemngojea miaka.

Halafu sauti ikashuka.

"Nimekunyima maneno," alisema. "Usikatae, nakuambia mimi. Migomba ilipokufa nilijifanya na mimi nimekufa. Ulikuwa unarudi umechoka, unapika, unasimulia peke yako. Nilikuwa nasikia yote. Hadithi ya yule mgonjwa aliyeimba wimbo wa baa mbele ya mchungaji niliisikia, nikaenda kuichekea nyuma ya nyumba. Niliona aibu kuicheka mbele yako. Nilikikata kibanja cha baba yangu kwa mkono wangu, nikaona mtu kama mimi hana tena la kumwambia mtu. Na ni wewe ndiye niliyekuwa nataka kukuambia."

Agnetha alilia pale pale kwenye stuli, hakujificha.

Lakini ndani yake muuguzi hakuwa amelala, na alikuwa ananong'ona jambo baya. Dawa hizi hulegeza ulimi. Agnetha alishaona wazee wa kanisa wakitongoza wauguzi, wake za watu wakitaja majina yasiyotajika, na wote walipoamka kweli hawakukumbuka hata neno. Sasa haya maneno ni ya Gozbert, au ni ya sindano? Na akilala tena, ataamka yupi?

Karugendo akaingia akizungusha ufunguo wa gari kidoleni. Alipomwona kaka yake ameketi anazungumza, akapiga makofi. "Asifiwe Bwana! Shemeji, si ameamka huyu? Tuondoke basi, mvua inakuja upande wa Muleba, ile barabara ya kwetu unaijua."

"Daktari kasema jioni," alijibu Agnetha.

"Jioni ya nini, waitu? Mtu anaongea kuliko mimi!"

Gozbert akamshika Agnetha mkono, mbele ya mdogo wake, jambo ambalo mwanamume wa umri wake kwetu halifanyi. "Twende Kibeta kwanza," alisema. "Tukaione ile nyumba. Kisha twende kwetu. Nisije nikalala hapa, Kokushubila. Nikilala hapa sijui kama nitayapata tena haya maneno."

Jamani, ungefanyaje wewe? Usijibu haraka. Agnetha alilijua lile somo la Bi Nasma kuliko alivyojua sala ya jioni. Alijua njia ya Muleba haina sindano ile. Alijua Kahigi alivyofungwa kwa kitenge. Lakini kwa mara ya kwanza maishani mwake aliuogopa usingizi wa mgonjwa kwa sababu nyingine kabisa, si pumzi, ni maneno. Alimtazama mumewe anavyong'aa macho, akajiambia, ameamka. Akalisema hata kwa mdomo, ili alisikie: "Kweli, ameamka." Akapiga magoti akamfunga kamba za viatu.

Walipita ukumbini polepole, nesi akiwa kamwinamia mtoto upande wa pili. Karugendo akatangulia kuisogeza Noah. Wao wakakaa kwenye benchi karibu na mlango mkubwa, na Gozbert akachukua hadithi ya mwenye nyumba wao wa Kibeta, yule mzee aliyekuwa akifuga mbuzi chumba cha tatu. "Basi asubuhi ile akaja na mbuzi wake kamshika sikio," alisema, "akasimama mlangoni hapo, akasema..."

Akanyamaza.

Agnetha alingoja huku anatabasamu. Gozbert alikuwa hodari wa kukata hadithi mahali patamu ili umwombe. "Akasema nini?" akauliza. Kimya. "Akasema nini, Gozi?"

Kidevu kilikuwa kifuani. Agnetha alikiona kile kidevu, na mkono wake ukafika kabla ya akili. Akamlaza ubavu kwenye benchi, akanyanyua taya, akasikiliza kwa shavu, pumzi moja, kisha hakuna, kisha moja ndogo. "Daktari!" alipiga kelele ambayo hakuwahi kuipiga miaka yote ya kazi. "Faruku! Njooni! Amerudi kulala! Huyu hakuamka, aliamshwa!"

Walikuja wakikimbia na machela. Oksijeni, mshipa, flumazenili tena kidogo kidogo, na safari hii hakuna aliyepiga makofi. Pumzi zikarudi. Wakaiongeza baadaye kwa dripu, wakamweka kitanda cha karibu na meza ya wauguzi, kibanio kidoleni, alale mpaka usingizi wote umwishe. Karugendo alikuwa ameegemea ukuta, ufunguo umemwanguka na hajauokota.

Agnetha alimfuata Faruku. "Daktari, usimlaumu nesi. Mimi ndiye niliyemfunga viatu."

"Ulikuwa umefika mlangoni, mama," alisema Faruku. "Hukuwa umefika kwenye gari. Kaa naye."

Akakaa. Mchana mzima, mpaka taa zikawashwa, alimtazama kifua kinavyopanda na kushuka. Hakuwa na hasira na mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Alikuwa karibu kumuua mtu ili amsikie. Alimwomba Mungu kwa Kihaya, maana mambo mazito hayatoki kwa lugha nyingine. Mrudishie pumzi tu, alisema, arudi na ndiyo zake na hapana zake, mimi sitamdai neno tena.

Gozbert aliamka asubuhi. Aliamka mwenyewe, bila sindano, akapiga miayo, akajikuna ndevu, akaomba uji. Faruku akampima, akatabasamu, akasema sasa sawa. Uji ulipokuja Gozbert alikunywa kimya, kijiko kwa kijiko, akitazama dirishani. Agnetha alikijua kimya hicho. Akainamia mfuko akaanza kupanga nguo.

"Mama Celina," Gozbert aliita. "Kipimo kilikuwaje?"

"Vidonda. Vinatibika."

"Haya." Akanywa kijiko kingine. "Karugendo kapita hapa ananitazama kama mzimu. Nilifanya nini jana?"

"Ulilala sana."

"Nilisema kitu?"

Agnetha alikuwa ameshajiandaa kusema hapana. Alishamwahidi Mungu. Lakini akamwona mumewe ameshusha kijiko na anangoja, na si kawaida yake kungoja jibu. Basi akakaa ukingoni mwa kitanda akamweleza. Alimweleza kama habari ya mgonjwa mwingine, mzee mmoja aliyepewa dawa, akaongea na mkewe. Akasimulia bati la Kibeta na kitanda mlangoni. Akasimulia kicheko cha nyuma ya nyumba. Alipofika kwenye kibanja kukatwa, na aibu, na yule ambaye mzee alitaka kumwambia akashindwa, alimalizia kwa kunong'ona.

Gozbert alisikiliza mpaka mwisho. Uji ulipoa.

"Sikumbuki hata neno moja," alisema.

"Najua. Dawa inafuta. Si kosa lako."

Akatazama viganja vyake, akavigeuza, akavitazama tena.

"Lakini huyo mtu," alisema Gozbert, "hakusema uongo."

Agnetha hakuthubutu kusogea. Wodi ilikuwa imeanza kelele za asubuhi, ndoo, masufuria, watoto. Gozbert akasafisha koo. Hakukuwa na ule mkono wa kuchora hewani, wala ile sauti ya kuita vijana wa mtaa. Alikuwa mzee mwembamba mwenye akili zake zote, anaona haya, na maneno yalimtoka kwa shida, moja, kisha anapumzika, kisha jingine.

"Kokushubila," alianza, "ile migomba..."